Fundi Niliyemchagua Bila Kukuambia

Kilema,
Moshi Vijijini.
24 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Primus,

Pokea salamu za kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Wifi yangu Monica hajambo? Na watoto, Rodney na Blessing, wanaendeleaje? Kile kikohozi cha Blessing kimekwisha, au bado mnahangaika nacho na vumbi la Mpanda?

Sisi huku tu wazima. Naomba neno hilo ulishike kabla hujasogea mbele. Mama ni mzima, anakula, na leo amekwenda misa ya Kristo Mfalme kwa miguu yake mwenyewe na kurudi. Nimeliandika mwanzoni makusudi, kwa sababu ya mambo yanayofuata.

Vuli mwaka huu ni nzito. Migomba mitatu ya upande wa mfereji wa mfongo imeanguka na mikungu yake, tumekula mtori mpaka mwanangu Gladness akaanza kununa. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kahawa ya mwisho tumeshaichuma, ingawa kuikausha kwa mvua hii imekuwa kazi, na hiyo kahawa nitairudia.

Tangu wiki iliyopita nimekupigia simu mara tatu, na mara zote nimeishia kuuliza habari za duka na za shule. Najua ulishangaa. Nilikuwa na neno jingine la kukuambia, na sikulisema. Ndiyo maana naandika. Barua naifunga ndani ya kifurushi kinachokuja kwa basi.

Primus, fundi aliyemwaga zege la ghorofa yetu si Mzee Sirili. Nilikudanganya.

Uliponipigia mwezi wa nane ulisema wazi: mtafute Sirili, hata akiwa ghali. Nilimtafuta. Alikuja, nikampa ramani yako, akakaa nusu siku nzima. Aligonga kuta za mawe za chini moja baada ya nyingine, akachimba kidogo pembeni kuuona msingi, akauliza maji ya mvua yanapita wapi. Halafu akataja bei yake. Nilimwomba apunguze, akanijibu kwa upole:

"Mama Gladness, ujira wangu naweza kupunguza kidogo. Nondo sipunguzi. Na mirunda yangu ya kulishikilia zege haitoki chini yake kabla ya siku ishirini na nane."

Walikuwepo watu pale, majirani waliokuja kuangalia. Nikasema kwa sauti, kwani huyu mzee anadhani anajenga nyumba ya askofu? Watu wakacheka. Sirili akaikunja ramani, akanirudishia kwa mikono miwili, akaondoka. Nilijiona mjanja.

Wiki hiyo hiyo akaja Ronald, fundi kijana kutoka Himo. Ramani aliitazama akiwa amekaa juu ya pikipiki yake. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya ile ya Sirili, na akaniahidi Krismasi tutaila juu. Mdogo wangu, nisikufiche: ilikuwa hiyo Krismasi kuliko bei. Nilifikiria watu wote wanaorudi mwezi wa kumi na mbili, wa Dar, wa Arusha, wapite barabarani waione nyumba ya mama ina ghorofa na madirisha ya aluminiamu. Fedha iliyobaki nilinunulia hayo madirisha, na vigae. Bado vimo kwenye maboksi chini ya kitanda changu. Siku hizi nalala juu yake na sipati usingizi.

Zege lilimwagwa Jumamosi ya tarehe ishirini na sita Oktoba. Nilikutumia picha. Uliponiuliza mzee yuko wapi, nikakujibu yuko nyuma ya mashine. Hilo nimeliungama kwa padre, lakini padre si wewe.

Baada ya siku tisa Ronald alirudi na vijana wake wakatoa mirunda yote, wakaipakia kwenye gari. Nilimkumbusha habari ya siku ishirini na nane. Akasema huo ni uzee, saruji ya siku hizi inakauka haraka, na mirunda inahitajika kwenye nyumba nyingine Kiboriloni. Nikawaacha waondoke. Jioni ile ile mama akarudi kwenye chumba chake cha chini, maana huko jikoni alikokuwa amejibanza tangu tuondoe mabati alikuwa amechoka na moshi.

Alhamisi ya tarehe kumi na nne, asubuhi kama saa nne, mvua ilianza ghafla. Mama akaingiza kahawa chumbani kwake, akakaa kwenye kigoda akichambua. Mimi nilikuwa mlangoni nikikung'uta gunia. Nikasikia mlio juu yetu. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu amevunja kuni kavu kwenye goti. Halafu vumbi jeupe likashuka polepole juu ya kahawa, na juu ya kilemba cha mama.

Mama akainua macho. "Lukresia," akaniambia, "nyumba imekohoa."

Nilitazama juu. Ufa ulikuwa umekatiza kutoka ukuta mpaka ukuta, mwembamba kama uzi. Nilimtoa mama nje mvuani bila hata kumpa khanga. Alinigombeza. Meno yangu yalikuwa yanagongana, Primus, na baridi ile haikuwa ya mvua.

Ronald alikuja mchana. Hata kofia ya pikipiki hakuvua. "Mama, hiyo ni plasta tu, haina noma," akasema, akachanganya saruji kwenye ndoo, akaupaka ufa, akaulainisha vizuri. Ulipendeza. Nikataka sana kumwamini. Siku ile nilijifunza kwamba mtu anaweza kujua kitu ni uongo na bado akaupigia magoti, kwa sababu ukweli utamlazimu kumpigia simu mdogo wake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kutazama. Saruji aliyopaka ilikuwa imepasuka katikati, na sasa kucha iliweza kuingia ndani ya ufa.

Hapo nilivunja jani la isale nikaenda kwa Sirili. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo, nikamwekea jani mkononi, nikamwomba msamaha kwa kumfanya achekwe mbele za watu. Alilipokea, akalitazama kidogo.

"Mama Gladness, mimi nimesamehe," akasema. "Lakini zege halisikii isale. Nani yumo ndani sasa hivi?"

Nikamwambia hakuna mtu, mama yuko kwa jirani, kwa Theodora. Hakuuliza lingine. Alivaa viatu na tukashuka naye karibu mbio, mzee wa karibu miaka sabini.

Alipofika hakuingia. Alisimama mlangoni akatazama juu muda mrefu, kisha akatuamuru wote, mimi na majirani waliokusanyika, tusogee mpaka kwenye migomba. Alituma watu wakalete mirunda kwake. Nilidhani atawatuma vijana kuiingiza. Hapana. Alifanya ishara ya msalaba, akainama, akaingia peke yake na mrunda wa kwanza begani. Niliwaza, huyu mtu akifia humo ndani, atakuwa amekufa kwa ajili ya madirisha yangu. Alipokwisha kukaza mirunda minne katikati ndipo akawaita wenzake wawili.

Halafu akachokoa pembeni kwa nyundo na tindo. Nondo ikaonekana, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na iliyofuata ilikuwa mbali, karibu urefu wa mkono mpaka kiwiko. Akanipa kipande cha zege kiganjani, akaniambia nikiminye. Kikavunjika, Primus. Mkono wa mwanamke, na kikavunjika. Ndani kilikuwa na udongo mwekundu, ule mchanga waliuzoa mtoni bila kuuosha.

Akaniuliza mwenye nyumba ni nani. Nikamwambia ni wewe. Akauliza kama unajua. Nikatikisa kichwa. Akasema yeye habomoi nyumba ya mtu asiyejua, nikupigie simu kwanza, na mpaka hapo mtu yeyote asiingie. Alipigilia mbao mbili mlangoni. Mirunda ilikuwa imefika katikati tu, upande wa nyuma alisema hauguswi, ni hatari.

Ijumaa hiyo sikukupigia. Jumamosi nilikupigia, tukaongea habari za duka. Jumapili hivyo hivyo. Sina cha kujitetea.

Jumatatu alasiri nilitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Niliporudi kwa Theodora, kigoda cha mama kilikuwa kitupu. Theodora alidhani amekwenda chooni. Nilikimbia nyumbani. Mbao za mlangoni zilikuwepo pale pale, nikashukuru Mungu. Kisha nikasikia mtu anaimba ndani, wimbo wa kanisani, taratibu.

Alikuwa amezunguka nyuma, akapita kwenye ule uwazi wa mlango ambao haujawekewa fremu. Alikuwa amechuchumaa pembeni kabisa, upande usio na mirunda, anakusanya kahawa yake kwenye beseni. Nilimwita nikiwa nje. Akasema, ngoja, imebaki kidogo, kahawa ya mwaka mzima haiwezi kuozea humu.

Nakuandikia ukweli mtupu: sikuingia mara moja. Nilisimama pale nje. Niliona ufa mpya juu ya kichwa chake, na matone ya maji yakidondoka kutoka kwenye ufa huo, tone, halafu tone. Nilitaka kupiga kelele lakini niliogopa hata sauti yangu, nikadhani ikitikisa kitu itatuua. Sijui nilisimama muda gani. Halafu nikaingia nimeinama, nikamshika mama kwapani. Akasema "beseni langu", nikamvuta hivyo hivyo, kahawa ikamwagika yote. Nilipofika nje nilikaa kwenye matope nikamkumbatia, nikalia kama mtoto. Mama hakulia. Alinifuta uso kwa khanga yake, akauliza: "Kumbe ni mbaya kiasi hicho? Mbona hukuniambia?"

Kumbe hata yeye nilimficha. Nilikuwa nimemwambia wanapaka rangi.

Kesho yake, Jumanne, kama saa tano asubuhi, tulikuwa uani kwa Theodora tunamenya maharage. Mvua ilikuwa imekatika, kuna jua kidogo. Tulisikia mshindo, na ardhi ikatetemeka chini ya viti. Kuku wote wakaruka. Nilipofika, upande wa nyuma wa zege ulikuwa chini. Mirunda ya Sirili ilishikilia katikati, lakini pale palipokuwa na beseni palikuwa na rundo la zege lenye kimo cha kiuno changu, na vile vijinondo vimechomoza kama miiba. Beseni hatujaliona mpaka leo.

Hakuna aliyeumia. Nakuandikia tena: hakuna aliyeumia.

Sirili alikuja amepauka. Safari hii nilimwambia abomoe yote iliyobaki, na nikasema natoa neno hilo kwa jina lako. Ni mara ya kwanza mwaka huu kutumia jina lako vizuri. Walibomoa siku mbili, kwa tahadhari, kamba na nyundo, bila mtu kukaa chini. Kuta za mawe za chini zimesimama. Amezikagua, anasema ni imara. Yale mabati ya zamani ameyarudisha juu, kwa hiyo mama ana chumba chake, na paa ni jepesi.

Lakini woga haukuisha, kwa sababu nilikumbuka ile mirunda iliyopelekwa Kiboriloni. Kuna watu wengine walio chini ya mkono ule ule. Ijumaa nilishuka, nikauliza uliza sokoni mpaka nikaipata nyumba. Ni ya mama mmoja kijana, anaitwa Juliana, anauza mitumba, ana mtoto wa miezi minne. Zege lao lilikuwa tayari juu na mirunda ilikuwa imetolewa siku mbili kabla. Nilimkuta anamnyonyesha mtoto kwenye chumba cha chini. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, kwani kuingia niliogopa. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

"Mama, sisi tunasikia mlio tangu juzi. Mume wangu alisema ni panya."

Tuliangalia juu wote wawili. Hakusubiri kuambiwa. Alinipa mtoto mikononi, akaanza kutoa godoro.

Tukiwa uani na vyombo, Ronald akafika. Nilitegemea anitukane. Alianza kweli, akasema ninamharibia kazi, kisha akaona mtoto mikononi mwangu, nikamweleza la mama na beseni. Akakaa juu ya tofali, akashika kichwa. Akasema kwa bei ile tuliyotaka wote, nondo nyingine angezitoa wapi? Nilitaka kumrukia, Primus. Lakini bei ile niliifurahia mimi, na nilipoipata sikuuliza kilichopunguzwa ni nini. Kosa lake ni lake, na nimelipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji chetu na wa mtaa ule. Langu ni langu.

Jana Sirili alishuka kwa Juliana na mirunda. Hakuna bei aliyoitaja.

Sasa nakuomba mambo haya. Mpigie Sirili wewe mwenyewe. Anasema hatagusa tena nyumba yetu bila kusikia sauti ya mwenyewe, na ana haki. Kama utataka ghorofa, iwe mwakani au mwaka wa keshokutwa, polepole, kwa nondo anazozitaka yeye. Madirisha nitayauza, Theodora ana mtu anayeyataka. Krismasi njooni, tafadhali msiache kuja kwa sababu yangu. Watoto watalala na bibi yao chini ya bati, na nyinyi mtalala chumbani kwangu.

Wala usiniambie kwamba yamepita. Kwangu hayajapita. Mlango ukigongwa nashtuka. Mvua ikianza natoka nje kwanza, ndipo nakumbuka kwamba juu ni bati tu. Jana Gladness alivunja kuni jikoni, nikamvuta mkono mpaka uani, mtoto wa watu akabaki ananishangaa. Ninachoogopa zaidi ni kile kitambo nilichosimama nje nikimtazama mama ndani, bila kuingia. Hicho sijamwambia mtu ila wewe.

Nisalimie sana wifi Monica, umwambie vitenge alivyotuma vilifika. Wabusu Rodney na Blessing. Theodora anawasalimu, Gladness naye anamsalimu mjomba wake, na Mzee Sirili amesema nisimsahau.

Mama amekaa hapa karibu yangu. Nimemsomea barua yote, hata pale pa kusimama nje, maana nimechoka kuficha. Ameniambia nikuandikie maneno yake kama alivyoyatoa: "Primus, dada yako amekosa, mgombeze. Lakini umgombeze akiwa amekaa, na mimi niwepo, kwa sababu aliingia."

Mungu aliyetutoa chini ya zege lile awalinde huko Mpanda, awafikishe nyumbani salama, na kila paa mnalolala chini yake alishike kwa mkono wake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na ninayeisubiri simu yako kwa hofu,

Lukresia